Vibonye vya Mzee Kaddu

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo kwangu haijaisha mpaka leo. Miaka imepita, nimezaa, nimelea, nimezika, lakini nikikaa kimya kidogo naiona tena: jua la alasiri kwenye madirisha ya ukumbi wa Nsambya, watu wamejaa mpaka mlangoni, na mzee mmoja mwenye koti la kijivu anaiangalia piano kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Juzi ulikuja hapa na simu yako ukaniwekea ule wimbo wa Mzee Kaddu, ule mmoja tu uliorekodiwa. Ukaniambia, "Nyanya, sikiliza hapa. Anapanda, anapanda, anafika juu kabisa, halafu anaacha. Hapigi. Anakuacha unaning'inia. Huyu mzee alikuwa hatari." Ukanieleza kwamba wewe na wenzako mnaopiga kinanda kanisani mnaiga kule kuacha, tena kuna mwalimu anawaonyesha mahali pa kuacha. Mimi nikakuongezea chai. Ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa najiuliza kama nina moyo wa kukwambia.

Basi kaa nikwambie. Ukishasikia, endelea kuuiga ukitaka, lakini uige ukijua.

Nilivuka mpaka wa Busia kutoka Kenya nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaja Kampala kwa mjomba wangu aliyekuwa anauza vyombo vya plastiki. Shule niliishia darasa la saba. Nilipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja Bugolobi, karibu na maghorofa. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu. Kuta nyingi za mji zilikuwa bado na matundu ya risasi, na watu walikuwa na desturi ya kutomaliza sentensi. Ukimuuliza mtu habari za kaka yake, anakwambia, "Yeye alikuwa…" halafu anaanza kuongea habari za mvua. Mimi hayo sikuyaona. Nilikuwa mtu wa kucheka. Niliimba nikipiga pasi, niliimba nikichota maji, na mjomba aliapa kwamba naimba hata nikiwa nimelala. Nilikuwa na picha ya mwanamke mwenye gauni refu la kumetameta, niliikata kwenye gazeti lililofungia sukari, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Huyo ndiye nilitaka kuwa. Usinicheke. Na wewe una picha zako humo ndani ya simu.

Jumapili nilikuwa nasali Nsambya, na baada ya misa nilikuwa napita kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako palikuwa na ukumbi wao wa zamani. Siku ya kwanza kupita hapo nilisikia piano ikitoka mle ndani. Nikasimama na viatu vyangu mkononi, maana matope yalikuwa mengi. Wewe umezaliwa piano ziko kwenye simu, hujui. Kwangu mimi sauti ile ilikuwa kama kumsikia mtu mzima akiongea mwenyewe chumbani, taratibu, akidhani hakuna anayemsikia.

Mzee Kaddu alikuwa ametajika zamani. Kabla mambo hayajaharibika alipiga jazi katika mahoteli makubwa ya Kampala, akapiga Nairobi miaka mingi, akarudi. Watu wa umri wake walikuwa wakisimama akiingia. Sasa mahoteli mengi yalikuwa yamebaki mabati na popo, na piano zilizokuwemo zilikuwa zimeibiwa au kuchomwa kuni. Ile ya ukumbi wa reli ilibaki kwa sababu ilikuwa nzito na mlango ni mwembamba. Lakini hata yenyewe askari walikuwa wameichezea. Iling'olewa mbao za mbele, ikakatwa nyaya, na upande wa juu, upande wa sauti nyembamba, palikuwa na vibonye vitano vilivyokufa. Ukibonyeza, unasikia mbao tu, tok.

Na hapo ndipo ulipozaliwa ule mtindo mnaouiga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatembea, haukimbii, kama mtu anayerudi kutoka mazishini na hana haraka ya kufika. Mkono wa kulia ulikuwa unachelewa. Unakuja nyuma kidogo, unasema maneno mawili, unanyamaza. Kisha unapanda, na wewe unapanda nao, koo lako linapanda, na pale juu kabisa ambapo kila mtu ukumbini anaisikia tayari ile sauti inayotakiwa kuja, yeye haipigi. Anaacha shimo. Kushoto kunaendelea kutembea. Na sisi tuliokaa kwenye mabenchi, mafundi wa reli wastaafu, wauguzi, Wakongo na vitenge vyao, Wakenya wa vibarua kama mimi, kila mmoja anaijaza ile sauti mwenyewe kimoyomoyo. Nimewaona wanaume wazima wakilia kwenye lile shimo. Kwenye muziki wenyewe hawakulia.

Siku moja nilijipa moyo nikamsogelea, nikamwambia mimi naimba. Akaniangalia. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala kilichopitia Nairobi, sarufi hakuijali, na mwanamke yeyote alimwita nyabo, ndiyo bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, wewe nakuja kuimba ama nakuja kucheka? Kila Jumapili naona meno tu."

"Naweza kufanya vyote, Mzee."

"Kale, sawa. Kwanza imba. Kucheka tutaona."

Nikaimba. Aliponifuata kwenye piano nilihisi kama mtu amenishika kiwiko kunivusha barabara. Nilipomaliza alisema, "Sauti iko. Lakini wewe unajaza kila mahali, kama mtu anapakia gari ya matoke. Acha nafasi, mtoto wangu. Mtu nasikiliza apate mahali pa kukaa."

Nikamuuliza kwa nini yeye anaruka zile sauti za juu. Akagonga vile vibonye vilivyokufa, tok, tok, tok. "Hizi tano zilikufa na vita. Mimi naruka tu makaburi." Watu wakacheka, naye akacheka. Na jambo hilo lilienea mji mzima. Kijana mmoja wa redio alikuja na mashine yake akarekodi wimbo mmoja, huo ulio nao, na watu wakawa wanasema: fikiria mzee yule anapiga hivyo kwa piano mbovu, je, angepata nzima?

Sasa nisikilize hapa, maana kosa langu lilianzia hapa. Nilikaa karibu na mzee yule karibu mwaka mzima, na kulikuwa na mambo niliyoyaona kwa macho yangu nikayaelewa vibaya. Alipomsalimia mtu, aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini ya kiganja, akaunyoosha hivyo, kama tunavyomsalimia mkubwa kwa heshima. Alimsalimia hivyo hata mtoto. Mimi nikasema, angalia unyenyekevu. Alikula kila kitu kwa uma, hata matoke, hata muhogo wa kuchoma. Nikasema ni mazoea ya hoteli. Koti lake lilikuwa na mikono mirefu kupita kiasi, na hakulivua hata jua likichoma. Nikasema ni mtanashati. Kila jambo nilikuwa na jibu lake zuri tayari. Mtu anayependa sana kufurahi ana majibu mazuri mengi, mwanangu.

Kisha ikaja habari kwamba kuna mgeni anakuja kutoka Nairobi. Alikuwa anatafuta wanamuziki wa kupiga katika hoteli mpya, mkataba wa mwaka, na alikuwa amesikia ule wimbo wa redioni. Angefika Jumapili kumsikia Mzee Kaddu. Na Mzee alikuwa amenitajia kwa sauti ndogo, kama jambo lisilo na uzito, "Nikienda, wewe nakuja na mimi. Nitamwambia huyo bwana, piano iko na sauti yake." Unaelewa? Sauti yake, ndiyo mimi. Wiki ile niliunguza mashati matatu ya watu kwa pasi. Niliangalia ile picha ukutani nikaona gauni limeanza kunifaa.

Mzee mwenyewe alikuwa anauhitaji mkataba ule kuliko mimi. Alikuwa mjane, anaishi chumba kimoja nyuma ya nyumba za reli, na chumba chenyewe kilikuwa na jiko, kitanda na sanduku la nota za muziki zilizoliwa na mchwa. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alikuwa ameniambia, "Nikikaa hapa msimu mwingine wa mvua, hii kikohozi itanimaliza." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekwambia saa.

Hapo nikapata wazo langu. Nikasema, mgeni akija asimsikie kwa piano mbovu. Mimi nitaitengeneza. Tena bila kumwambia, iwe zawadi.

Kulikuwa na Mkongo mmoja mtaa wa Bwaise, fundi Kasereka, mkimbizi kutoka upande wa Butembo, aliyekuwa anatengeneza magitaa na akodioni. Nilimkuta kibarazani, maji ya mvua yamemzunguka mpaka kwenye kizingiti, amepandisha vifaa vyake vyote juu ya meza na miguu yake juu ya tofali. Alikuwa na vipande vya piano ya shule fulani iliyobomoka: nyaya, nyundo ndogo za mbao, vitambaa vizito. Nikampa redio yangu ndogo, kitu pekee cha maana nilichokuwa nacho, akakubali.

Jumamosi Mzee Kaddu alikwenda kijijini kwenye mazishi ya ndugu yake. Mimi nikamwomba mlinzi ufunguo, tukaingia na fundi. Alifungua piano, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda mrefu. Akatoka na vumbi kwenye kope.

"Dada," akasema, "hapa kuna kintu sielewi. Hivi vitatu, sawa, vilivunjika kweli. Vita ilivunja. Lakini hivi viwili haviko na ugonjwa. Mutu alivifunga."

"Alivifunga vipi?"

Akanionyesha. Nyundo mbili zilikuwa zimezungushiwa kipande cha kitambaa na kufungwa kwa uzi wa kushonea, vizuri, kwa fundo dogo, zisiweze kugonga waya.

"Na hii uzi haiko ya zamani. Angalia, iko nyeupe."

Nikacheka. Nikasema bila shaka ni watoto wa reli, huwa wanaingia kucheza humu.

Kasereka hakucheka. "Mutoto hafungi fundo ya namna hii. Dada, miye nakuomba, uliza mwenye piano kwanza. Nitarudi kesho akishafika, ni kazi ya dakika mbili tu."

"Fundi, wewe kata," nikamwambia. "Atafurahi mpaka ashindwe kula."

Akaniangalia, akachukua wembe, akakata. Nakumbuka vile viuzi viwili vilianguka sakafuni, nami nikavipuliza kwa mdomo kuondoa uchafu.

Mwanangu, nimeshapiga magoti mahali pengi kwa ajili ya pumzi ile.

Jumapili ilifika. Ukumbi ulijaa mapema. Mgeni alikaa benchi la mbele, mtu mpole mwenye miwani, anakunywa soda. Mzee Kaddu aliingia moja kwa moja kutoka kwenye basi la kijijini, vumbi la mazishi bado liko kwenye viatu vyake, akamsalimia mgeni kwa ile salamu yake, kushoto kumebeba kulia. Akakaa. Alipiga wimbo wa kwanza na ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Alipanda, akafika juu, akaacha shimo lake, na mgeni akavua miwani akaifuta. Ningekaa kimya hapo, tungekwenda Nairobi wote wawili.

Lakini mimi nilikuwa na zawadi tumboni, inanitekenya. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, kwa ile sauti yangu ya kuimba, kwamba wageni wetu wapendwa, Mzee hajajua bado, lakini jana piano hii imetengenezwa. Vibonye vyote vitano vimefufuka. Leo tutamsikia Mzee Kaddu mzima.

Watu walipiga makofi mpaka ukumbi ukatikisika. Wapo waliosimama. Mzee peke yake hakufanya kitu. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaupitisha mbele ya kifua chake mpaka upande wa juu, akabonyeza kimoja. Kikalia. Akabonyeza cha pili, cha tatu. Vyote vikalia, vizuri, kama kengele ndogo. Ndipo akaiangalia piano kwa yale macho niliyokwambia mwanzo.

"Piga ule wa zamani, Mzee," akaita mtu wa reli kutoka nyuma. "Ule wa hoteli, tuliokuwa tunacheza na mabibi zetu."

"Bila kuruka," akasema mwingine. "Leo hakuna makaburi."

Wakacheka kwa furaha. Nami nikacheka.

Alisema polepole, "Hiyo ni ya zamani sana. Nimesahau." Hawakukubali. Mgeni naye akasema kwa adabu kwamba angefurahi kuusikia. Basi Mzee Kaddu akavuta pumzi, akaanza.

Kushoto kulitembea kama kawaida. Kulia kulipanda. Kulipofika pale juu, pale penye shimo, hapakuwa tena na shimo, palikuwa na kibonye kinachongoja. Nikakiona kidole chake cha pete na kile cha mwisho vikienda. Havikwenda, mwanangu. Viliburutwa. Viliangukia vibonye vya pembeni kama vijiti, vikapiga sauti mbili zisizojuana. Akarudia. Vikaanguka tena. Akarudia mara ya tatu, haraka zaidi, jasho linamtoka, na kelele iliyotoka ilikuwa kama mtu ameangusha sahani.

Kijana mmoja karibu na mlango akasema, "Huyu mzee amelewa nini?" na watu wachache wakacheka.

Mzee aliacha. Alitoa leso mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaifunika mikono yake yote miwili mapajani, akakaa hivyo kama mtu anayesali. Kisha akafunika piano, akainuka, akaenda kumuaga mgeni, kushoto kumebeba kulia. Sasa ukumbi mzima ulijua kile kilichokuwa kinabebwa. Mgeni aliushika mkono ule, akauangalia, akamwambia taratibu, naye hakuwa mtu mbaya:

"Pole sana, Mzee wangu. Mimi nilidhani ni piano."

Aliondoka kabla ya jua kuzama. Hakuacha anwani.

Asubuhi yake sikwenda kazini. Nilimkuta Mzee Kaddu chumbani kwake, amekaa kitandani, shati limefunguka vifungo, hakujisumbua kulifunga. Nilianguka mlangoni nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikaishiwa. Kisha akanyoosha ule mkono wa kulia, akaukunja mbele yangu. Vidole vitatu vilikunjika. Viwili vilibaki vimesimama, vyembamba, vimelegea.

"Hiyo ilikuwa kwa kizuizi ya barabara," akasema. "Wakati ya vita. Walinifunga kandoya. Unajua kandoya? Viwiko yote mbili nyuma ya mgongo, kamba inaingia kwa nyama. Asubuhi mpaka asubuhi ingine. Mkono ya kushoto ilirudi. Hii ilirudi nusu."

"Askari gani, Mzee?"

"Askari." Akamalizia hapo, na safari hii niliielewa ile desturi ya watu wa mji ule.

Akaniambia kwamba alipotoka alikaa mwaka mzima bila kugusa piano. Kisha akaingia ule ukumbi, akakuta vibonye vitatu vimekufa, akafurahi. Ndiyo, alitumia neno hilo, alifurahi. Akafunga viwili zaidi kwa mkono wake, pale hasa ambapo vidole vyake vingetakiwa kufika. Uzi ulipochakaa, aliubadilisha. Nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli tu, watu wangemheshimu.

"Nyabo, piano ikiwa mbovu, watu nasikitikia piano, halafu nasikiliza muziki. Mtu akiwa mbovu, watu nasikitikia mtu. Muziki hakuna anasikia tena." Akakohoa sana. "Pale ilikuwa mahali yangu moja tu. Hapo hakuna mtu aliniuliza nani alinifunga."

Nikasema nitarudi kwa fundi, tutavifunga tena vile vibonye, hata leo. Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo kemeo lake lote, maana hakunikemea kwa neno lingine.

"Kibonye utafunga, mtoto wangu. Na macho ya watu utafunga na uzi gani?"

Hakurudi kwenye ule ukumbi. Watu walimwita, wapo waliomletea zawadi, wapo waliotaka akae mbele awaambie vijana habari za vita. Yeye alitaka kupiga piano, na hilo ndilo hawakulitaka tena kwa namna ileile. Nilifika kila siku nikitoka kupiga pasi. Nilimkata kucha. Nilimfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, naye akawa ananiruhusu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuficha tena. Hiyo ruhusa iliniuma kuliko kama angenifukuza. Mara nyingine alinigombeza kwamba nimesahau kucheka. "Meno iko wapi?" anauliza. Namuonyesha meno. Haikuwa kicheko, na wote wawili tulijua.

Msimu wa mvua ulikuja. Kifua kikafanya alivyosema kingefanya. Tulimpeleka hospitali, wakahangaika naye siku nane, na siku ya tisa nilifika na uji nikakuta kitanda kimetandikwa.

Kijijini kwao nilisimama kaburini nikaimba ule wimbo wa zamani bila piano. Nilipofika pale juu nikaacha. Hata sikukusudia kuacha, mwanangu. Lakini nilimuona Kasereka kwenye kundi la watu, amevua kofia, na midomo yake inatikisika pale penye shimo. Ile picha ya ukutani nilikuja kuitoa. Niliimba kanisani maisha yangu yote na sijutii, ila gauni lile halikunifaa tena.

Hiyo ndiyo habari ya mtindo wenu.

Sasa nikuusie. Wewe ni kama mimi nilivyokuwa, una moyo mwepesi na mikono inayotaka kusaidia, na nisingependa uupoteze. Lakini ukikuta kwa mtu kitu kibovu ambacho amekaa nacho miaka, usikimbilie kukitengeneza. Huenda ameegemea hapo. Muulize, tena muulize mkiwa wawili, mahali ambapo akikwambia "acha" hakuna atakayemsikia isipokuwa wewe. Na akisema acha, uache, hata kama hakupi sababu. Sababu nyingine zimefungwa kwa kamba, haziwezi kutoka. Fundi akikuomba usubiri mpaka kesho, subiri. Na usimpe mtu zawadi mbele ya umati kama hujui itamgharimu nini kuipokea. Mimi nilisema nampenda Mzee Kaddu, na ni kweli nilimpenda, lakini Jumapili ile nilipiga makofi zaidi kwa ajili ya wema wangu mwenyewe.

Mkifika kwenye lile shimo, wewe na wenzako, msilipite kwa maringo. Shusheni macho kidogo. Vidole viwili vya mtu viko mle ndani.

Nami nakuombea. Mungu akupe mikono mizima na akuachie nayo mpaka uzee. Akupe masikio ya kusikia kile ambacho mtu hapigi. Na kama siku moja hii dunia itakufunga na wewe ikakuachia nusu, akupe mtu wa kukaa karibu yako, akufunge vifungo vya shati taratibu, kuanzia juu mpaka chini, asikuulize kitu.